Nani Aliifunga Kaunta?

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaojiandaa kwenda kufanya kazi viwanja vya ndege, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie huduma kwa mteja katika usafiri wa anga. Nimeamua kuanzia kwenye televisheni, maana wengi wenu mliijua kazi hii huko kabla hamjaingia darasani. Vipande vyake mnavyo kwenye simu: mama kachelewa ndege analia, kijana kalewa anatukana, mfanyakazi yuko nyuma ya kaunta anarudia sentensi moja ileile.

Mizizi ya vipande hivyo ni kipindi cha Waingereza kiitwacho Airline, kilichorushwa na kituo cha televisheni cha ITV kuanzia mwaka 1998 hadi 2007. Mwanzoni kililifuata shirika la ndege la Britannia Airways, kisha kikahamia easyJet, shirika la nauli nafuu, na hapo ndipo uwanja wa ndege wa Luton, karibu na London, ulipoingia sebuleni mwa watu. Wamarekani wakatengeneza cha kwao kwa jina hilohilo, kwenye kituo cha A&E, mwaka 2004 na 2005. Chao kiliwafuata wafanyakazi wa Southwest Airlines.

Hoja yangu ni moja, na walionisikia siku zilizopita wanaijua. Kamera iliwekwa mahali pasipo pake. Iliwekwa kaunta, kati ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyeitunga sheria wanayogombania.

Chukueni kisa kinachojirudia kuliko vyote. Abiria anafika anahema. Ndege bado iko chini, haijaondoka. Anaambiwa kaunta imefungwa. Anauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: ndege si ile pale? Anajibiwa: samahani, tumeshafunga. Anaomba, anabembeleza, anapandisha sauti, mwishowe anapiga meza. Nyumbani watu wanacheka, kipindi kinakwenda kwenye matangazo. Hakuna aliyeuliza ni nani aliifunga kaunta ile, na kwa nini saa ile.

Jibu liko Texas, mwaka 1972. Naomba mnivumilie, kwa sababu bila kisa hiki hamtaelewa kazi mnayoiendea.

Southwest ilianza kuruka Juni 1971 kati ya miji mitatu: Dallas, Houston na San Antonio. Kabla hata haijarusha ndege, mashirika makubwa yalikuwa yameiburuza mahakamani kwa miaka, yakitaka isiruke kabisa. Ilianza na Boeing 737 tatu, baadaye mwaka huo ikaongeza ya nne. Fedha zikakauka. Mwaka 1972 ikalazimika kuiuza ndege moja. Sasa fikirini kama mameneja. Una ndege nne, umebaki na tatu. Kila mtu angesema punguza safari. Wao wakasema ratiba isiguswe, ndege tatu zifanye kazi ya nne.

Itawezekanaje? Ndege iliyosimama chini haiingizi hata senti. Basi wakaukata muda wa kusimama. Ndege ikitua, abiria washuke, mizigo itolewe, takataka ziokotwe, abiria wapya wapande, mlango ufungwe, iondoke: dakika 10. Nasema tena, dakika 10! Wahudumu wa ndani wakawa wanaokota uchafu wenyewe. Viti havikuwa na namba. Anayewahi ndiye anayechagua, kwa hiyo hakuna anayesimama njiani kutafuta kiti chake. Na mpango ukafanya kazi. Mwaka 1973 Southwest ikapata faida yake ya kwanza, na haikumaliza mwaka kwa hasara tena mpaka ilipokuja korona mwaka 2020.

Dunia nzima ikaenda kujifunza Texas. Stelios Haji-Ioannou alipoanzisha easyJet mwaka 1995, ndege za Luton kwenda Glasgow na Edinburgh, mfano wake ulikuwa huohuo: ndege za aina moja, hakuna wakala katikati, namba ya simu imepakwa ubavuni mwa ndege ili mtu apige anunue, na ndege ikitua isikae. Ndege moja inapangiwa safari nyingi kwa siku. Ya asubuhi ikichelewa dakika 15, ucheleweshaji huo unasafiri nayo mpaka usiku. Hapo ndipo kaunta ilipofungiwa. Haikufungwa na dada yule wa Luton mwenye sare ya rangi ya chungwa. Ilifungwa na hesabu iliyoanzia kwenye ndege moja iliyouzwa Texas.

Mimi siipingi hesabu hiyo. Ndiyo iliyoshusha nauli, na ndiyo iliyowapandisha ndege watu ambao wazazi wao hawakuwahi kuipanda. Nasi ilitufikia. Tarehe 29 Novemba 2012 fastjet, iliyoungwa mkono na Stelios huyuhuyu, ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ya kuanzia ikitangazwa kuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi. Kwetu haikudumu hata miaka kumi, lakini ilikuja na masharti yaleyale: begi lina bei yake, na aliyechelewa kachelewa. Watu waliozoea kumsihi mtu uwanjani mpaka akakubali wakakutana na kaunta isiyosihiwa.

Ninachopinga ni mtazamaji kufichwa hesabu akaonyeshwa machozi tu. Ninyi mnapanda daladala. Mnajua konda anayewabana abiria na kugombana nao kutwa nzima ana tajiri anayesubiri hesabu yake jioni. Mpige picha konda peke yake, utaonyesha mtu mkorofi anagombana na wakorofi wenzake, na tajiri hataonekana popote. Ndicho Airline ilichokifanya, miaka tisa.

Naona mkono pale, na najua unataka kuuliza nini: kwani unawatetea walevi? Hapana. Tena hapa kipindi kilichanganya mambo mawili kwa namna inayonikera mpaka leo. Marekani, kanuni za serikali kuu zinakataza shirika kumpandisha mtu anayeonekana amelewa. Hiyo ni sheria ya usalama, mfanyakazi hana hiari. Lakini abiria mwenye mwili mkubwa anapoambiwa anunue kiti cha pili, jambo ambalo Southwest ilikuwa ikilifanya na kamera ikalionyesha, huo ni utaratibu wa kampuni. Umeandikwa ofisini na unaweza kufutwa ofisini. Kwenye kipindi vyote viwili vinatoka kinywani mwa mtu yuleyule, kwa sauti ileile ya samahani. Mtazamaji atajuaje kipi ni sheria ya nchi na kipi ni uamuzi wa kibiashara? Na abiria huyo wa kiti cha pili anafedheheshwa mbele ya foleni, mbele ya taifa!

Utasema alikubali kuonyeshwa. Mtu aliyekosa ndege, mwenye msiba au harusi upande wa pili, unamwendea na karatasi ya kusaini, halafu unaita hiyo ridhaa? Mimi siiiti.

Na wakorofi wapo, tena wa hatari. Mwaka 2021 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilipokea taarifa karibu 6,000 za abiria waliofanya fujo, na zaidi ya 4,000 kati ya hizo zilihusu barakoa. Tazameni hilo la barakoa. Sharti la kuivaa liliwekwa na serikali, aliyepigwa ngumi ni mhudumu wa ndege. Mtunga sharti tena hakuwepo.

Nina sehemu nzima juu ya kutabasamu kwa mshahara, ambayo mwanasosholojia Arlie Hochschild aliichunguza kwa wahudumu wa shirika la ndege la Delta na kuichapisha mwaka 1983. Muda unanibana, nitasema moja tu. Tabasamu lenu kaunta ni kazi, linachosha kama kubeba mizigo, na mwajiri anayelidai zamu nzima bila mapumziko anawadai kitu ambacho hajakilipia. Msikubali kuambiwa ni tabia njema tu.

Haki za abiria. Tangu tarehe 17 Februari 2005, kanuni ya Umoja wa Ulaya inampa abiria aliyekataliwa kupanda kwa kuwa tiketi zimeuzwa kuliko viti fidia ya euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Aliyechelewa mwenyewe hapati kitu, msichanganye. Lakini kanuni hiyo inalitaka shirika libandike tangazo la haki hizo kaunta, mahali palepale kamera ya Airline iliposimama kwa miaka miwili zaidi. Nendeni mkatazame vipindi vya miaka hiyo, mhesabu ni mara ngapi lenzi imelisogelea tangazo.

Halafu Aprili 2017, Chicago. Shirika la United liliwahitaji wafanyakazi wake wanne wafike Louisville, ndege imejaa, abiria mmoja aliyekwisha kukaa akagoma kushuka, akaburutwa na walinzi, akatoka damu. Safari hii waliopiga picha walikuwa abiria wenzake, kwa simu zao, na hakukuwa na mhariri wa kampuni wala wa televisheni. Mwezi haujaisha United ikatangaza kwamba anayejitolea kuachia kiti anaweza kulipwa hadi dola 10,000, na kwamba hatashushwa mtu aliyekwisha kukaa isipokuwa kwa sababu za usalama. Utaratibu ulioonekana hauguswi uliguswa ndani ya siku chache.

Kwetu, malalamiko yanaanzia kwa shirika lenyewe, na lisipokutendea haki unakwenda TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Ninyi mtakaokaa kaunta, mwambieni abiria hivyo kabla hajapiga meza, na mwambieni ni nani aliyeweka sharti mnalomsomea. Mkuu wa zamu akiwakataza kusema, mwombeni aandike katazo hilo.

Nilitaka kumalizia na mizigo inayopotea, lakini mwenyekiti amekwisha kunionyesha saa mara ya pili. Wewe uliyenyoosha mkono tangu mwanzo, uliza.