Santuri Zinazorudishwa Mlangoni

ZUHURA: Asalaam alaykum wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba, na kila mlipo. Leo mimi na Maalim Khamis tunazungumzia santuri kongwe, hasa zile ambazo maduka ya santuri zilizotumika huko London, New York na kwengineko huzikataa zinapopelekwa kuuzwa. Maalim, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina masanduku ya santuri yaliyoachwa na wazee, na wenyewe wameshasikia kwamba Wazungu wanazitaka tena.

KHAMIS: Habari hiyo si uzushi, Bi Zuhura, kwani nchini Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri nyingi kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987. Hata hivyo, hizo ni santuri mpya, na soko la santuri zilizotumika lina kanuni zake. Mwenye duka haulizi kwanza kama muziki ni mzuri. Anauliza ni nakala ngapi tayari zimelala rafuni mwake bila ya mteja. Ndiyo maana santuri inayorudishwa mlangoni mara nyingi ni ile iliyopendwa mno ilipotoka, ikauzwa kila mtaa, na sasa kila familia inaitoa kwa wakati mmoja.

ZUHURA: Tutajie chache.

KHAMIS: Iko ile ya Herb Alpert na bendi yake ya Tijuana Brass, Whipped Cream & Other Delights, ya mwaka 1965, ambayo iliuzwa kwa mamilioni, na jalada lake lina picha ya mwanamke aliyefunikwa povu jeupe.

ZUHURA: Jalada hilo hapa kwetu lingegeuziwa ukutani kabla ya wageni kubisha hodi.

KHAMIS: Na povu lenyewe, kwa sehemu kubwa, lilikuwa la kunyolea ndevu! Wengine ni Mantovani na James Last na okestra zao, pamoja na makasha mazito ya santuri ambayo jarida la Marekani, Reader's Digest, liliyauza kwa njia ya posta. Kwa upande wa CD, Monster ya bendi ya R.E.M. ya mwaka 1994, yenye jalada la rangi ya machungwa, imekuwa mfano unaotajwa kila wakati, kwa jinsi ilivyojazana katika mapipa ya bei ya kutupa.

ZUHURA: Na Jim Reeves, yule mwimbaji wa Marekani? Afrika Mashariki nzima ilimpenda, na sidhani kama kuna sanduku la zamani hapa mjini lisilokuwa naye.

KHAMIS: Naye pia ni mgumu kuuzika. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, lakini kampuni yake iliendelea kutoa nyimbo zake kwa miaka mingi, kwa hiyo nakala hazina upungufu. Ningemwambia mwenye nayo aisikilize, maana raha yake ni kubwa kuliko bei yake. Tena orodha hii si ya milele, kwani Rumours ya bendi ya Fleetwood Mac, iliyotoka mwaka 1977 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 40 duniani, ilikuwa imejaa kila pahala, lakini vijana walipoipenda upya maduka yakaanza kuipokea kwa mikono miwili.

ZUHURA: Tuseme basi mtu anayo santuri adimu. Je, atakuwa amesalimika?

KHAMIS: Hapana, kwa sababu hali ya santuri yenyewe ndiyo inayomaliza mazungumzo. Mnunuzi huitoa ndani ya jalada, huiinamisha chini ya taa kali ili mikwaruzo ionekane, kisha husoma namba iliyochongwa katika ile nafasi laini baina ya mchirizi wa mwisho na lebo, kwa kuwa namba hiyo husaidia kujua kama nakala ni ya chapa ya mwanzo au ilichapwa baadaye. Nakala mbili za jina moja zinaweza kuingia dukani pamoja, moja ikanunuliwa na nyengine ikarudishwa. Sisi wa visiwani tuna adui wetu zaidi, nao ni unyevu, ambao huotesha ukungu kwenye jalada na ndani ya michirizi, pamoja na joto linaloipinda santuri iliyolazwa ovyo karibu na dirisha.

ZUHURA: Hapo nataka tuzungumzie santuri za Siti binti Saad, ambaye alikwenda Bombay na wenzake mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV.

KHAMIS: Hizo ni za namna nyengine kabisa. Ni sahani nzito za utomvu wa wadudu, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika tatu hivi. Duka la kawaida la Ulaya huzikataa sahani za aina hiyo kwa jumla, kwa sababu wateja wake hawana mashine ya kuzipiga na zikianguka huvunjika kama kigae. Lakini mkusanyaji wa muziki wa Afrika atazitafuta kwa udi na uvumba, hata zikiwa zimechakaa. Kuchakaa kwenyewe utakujua kwa macho: weusi wa michirizi hugeuka kijivu, kwa sababu sindano ya chuma ya gramafoni ilitakiwa ibadilishwe kila upande unapokwisha, na katika nyumba nyingi sindano moja ilitumika mpaka ikawa butu.

ZUHURA: Kwa hiyo anayeulizia bei asipeleke sanduku zima kwa mnunuzi mmoja.

KHAMIS: Wala asikimbilie kulisafirisha. LP moja, yaani santuri kubwa ya plastiki yenye nyimbo nyingi, ina uzito wa gramu 120 hadi 180 bila ya jalada, kwa hiyo sanduku la santuri 50 hukaribia kilo 10, na gharama ya kulipeleka Uingereza huenda ikazidi thamani ya kilichomo. Ni bora azipige picha lebo na zile namba zilizochongwa, azitume kwanza, na asubiri jibu.

ZUHURA: Na azisafishe kabla ya kuzipiga picha?

KHAMIS: Azipanguse vumbi tu kwa kitambaa laini kikavu. Zile za vinaili, yaani za plastiki kama LP, zinavumilia maji yenye sabuni kidogo, mradi lebo isilowe. Lakini sahani za 78 zisiguswe kabisa kwa spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha ule utomvu, na wimbo unaondoka pamoja na uchafu.