Aliyeichora Ramani Alipita kwa Miguu?

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango tayari kutoroka: shikamooni, na habari za mchana. Nimepewa dakika 40 na mada ndefu kuliko barabara ya Rombo: namna ya kuukuza mji mdogo bila kuupotezea sura yake. Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia palepale, kwenye mfereji.

Kuna mji mdogo huku juu Kilimanjaro, siutaji, wenyewe wamo humu ukumbini na mmoja ameshaanza kukohoa. Nyuma ya soko la ndizi ulipita mfongo, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia, upana wake hatua moja ya mtu mzima. Banio lake, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, liko juu korongoni. Kabla ya masika wenye zamu walipanda kuuzibua, na asiyepanda alitozwa faini ya mbege, pombe yetu ya ndizi, faini ambayo ilinyweka siku hiyohiyo. Mfongo ule haukuwa na hati wala haukuwa kwenye ramani yoyote. Ulikuwa kwenye vichwa vya wazee sita hivi.

Akaja mtu na fedha yake halali, akanunua sehemu ya kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, akataka fremu kumi na mbili za maduka. Mpimaji akasimika mashine yake, akauliza, "Hiki nini?" Aliyeuza akajibu, "Mtaro tu huo." Jamani! Mtaro unaondoa maji yasiyotakiwa, mfereji unaleta maji yanayongojewa. Kwa neno moja wakaufukia. Kibali kilipita mezani kwangu, nilikuwa kijana, kazi mpya, kalamu mpya. Nilitia saini. Ndiyo, mimi huyuhuyu.

Mwaka wa kwanza hakikutokea kitu, tukapongezana. Masika ya pili maji yakashuka kwa njia yao ya zamani, yakakuta ukuta, yakaingia fremu ya nne kwa mlango wa nyuma yakatokea wa mbele. Ilikuwa ya mama muuza vitenge. Nilimkuta asubuhi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakamua kimoja kimoja, rangi zimehamiana, tope limeshika mpaka kwenye kope. Hakunitukana. Aliniuliza, "Mwanangu, hii ramani yenu, aliyeichora alipita hapa kwa miguu?"

Sijapata jibu mpaka leo, na nimestaafu.

Lakini hasara kubwa haikuwa vitenge. Kule chini kulikuwa na vihamba vilivyonyweshwa na mfongo ule. Kiangazi kilipofika, migomba ikakonda, kahawa ikafuata, na kihamba kisichomlisha mwenyewe hakichelewi kukatwa viwanja. Fremu kumi na mbili zikazaa fremu arobaini. Ndiyo maana nagomba mtu akiniambia sura ya mji ni rangi za mabati au sanamu ya kuzungushia magari. Sura ya miji yetu ni kwamba ukitoka mlango wa nyuma wa duka unaingia kwenye migomba, chini yake kahawa, chini yake magimbi na maharage, na ng'ombe bandani akikuangalia. Kule Shimbwe Juu, Uru, mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa lenye makao Roma, walikiingiza kihamba kwenye orodha yao ya urithi wa kilimo duniani. Watu wa Roma wamekiona urithi, sisi tunakiita "eneo halijaendelezwa".

Najua kijana pale anasema moyoni, mzee huyu anataka turudi kwenye kibatari. Hapana, fremu nazitaka. Nazitaka zipande ghorofa moja au mbili, zisilale chini kama mamba kando ya barabara yote. Panda gari uende Arusha, uniambie kama umetambua Maji ya Chai na Usa River zinapoachana. Fremu, gereji, fremu.

Mwingine, huyu ni mwanasheria, namjua kwa tai, atasema sheria ipo: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sawa, wakili. Sasa pima mita 60 kila upande wa kila korongo la mlimani, unabaki na kiwanja gani? Sheria inayomkamata kila mtu, afisa anaogopa kuianza. Na mfereji ukishaitwa mtaro, hata hizo mita haupewi.

Ninachodai ni mpangilio tu. Kabla ya mpango kabambe wa mji, kabla ya mashine, wazee watangulie na chokaa: mifereji, vichochoro, mipaka ya mimea ya masale. Hayo yachorwe kwanza, barabara zifuate, viwanja mwisho. Sisi huwa tunaanza na viwanja, kisha tunapima yaliyokwisha kujengwa, tunaita urasimishaji, ambao ni kumpima mtu suti akiwa ameshaivaa.

Na ndugu zetu wa Disemba, mnaorudi nyumbani mwisho wa mwaka tu. Unajenga jumba, unazungusha ukuta, unamwaga zege uani kote ili magari yasikanyage tope, unakaa wiki mbili, unarudi Dar. Mvua za masika za uani kwako anazipokea jirani. Siwagombezi sana, mmoja wao ni mwanangu wa kuzaa, na nimeshamwambia.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Basi maji taka na makaro nayaruka, ingawa yanastahili siku yake. La stendi nalisema upesi: msiihamishe mbali na soko kwa kisingizio cha usafi. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani ndiye atakayelipa bodaboda ya usafi wenu. La dampo... basi, naacha.

Jumamosi hii, saa moja asubuhi, tunaanzia banioni tunateremka na njia ya ule mfongo mpaka sokoni, kwenye mji uleule wa yule anayekohoa. Vaeni viatu vya mvua. Mpimaji amekubali kuja na mashine yake. Nimemwomba atembee nyuma ya wazee. Haya, maswali.