Kipindi cha 41: Sufuria la Mama

MWANAIDI: Assalaam aleikum wasikilizaji wetu, popote mlipo. Shikamooni wakubwa zetu. Leo Hatibu kaja studio na kandambili mbili zisizojuana. Moja bluu, moja ya kijani.

HATIBU: Anza na mada, shemeji.

MWANAIDI: Hii ndiyo mada. Viatu viko wapi?

HATIBU: Tuliahidi wiki iliyopita kwamba leo tutataja sehemu tano za kupumzikia Tanga bila kuumia mfukoni. Nimeandika hapa, na kwa kila sehemu kuna funzo lake. Sehemu tano, mafunzo matano.

MWANAIDI: Sawa. Viatu viko wapi?

HATIBU: Viko ndani ya sufuria.

MWANAIDI: Na sufuria liko wapi?

HATIBU: (kimya) Baharini.

MWANAIDI: Kwa wale wanaotusikia kwa mara ya kwanza, Hatibu kamuoa dada yangu. Na hilo sufuria ni la mama yangu mzazi. Lile kubwa la pilau, ambalo mtaa mzima ukiwa na shughuli unakuja kuliazima kwetu. Endelea, shemeji. Wasikilizaji wako tayari.

HATIBU: Basi nisikilizwe bila kukatwa. Jumapili nilisema watoto wakapunge upepo. Watoto watano, wawili wangu, watatu wa dada zako. Tukafika pwani saa nne asubuhi, maji yamekupwa, bahari nyeupe mpaka mbali huko. Kuna fungu la mchanga pale mbele. Silitaji, nisije nikawapa wengine wazo. Tukatembea kwa miguu mpaka juu ya fungu, maji hayafiki hata kifundoni. Tukatandika mkeka, watoto wakacheza mpira, tukala pilau, nikajinyoosha.

MWANAIDI: Ukalala.

HATIBU: Nikajinyoosha.

MWANAIDI: Dada kasema ulikoroma. Watoto walimwambia.

HATIBU: Saa saba na kitu nikafumbua macho, nikatazama mbele, kule kwenye bahari kuu. Maji bado yako mbali. Nikasema tuna muda. Mkubwa wao akaniambia, "Baba, tazama nyuma." Nageuka, kati yetu na nchi kavu kuna mto.

MWANAIDI: Mkondo.

HATIBU: Mto, shemeji! Tulipopita kwa miguu hatujalowa, sasa maji yanakimbia. Nikaingia kupima, kifuani. Mimi kifuani, mtoto wa miaka sita je?

MWANAIDI: Hapa sitanii, hilo linatisha.

HATIBU: Nikatia kila kitu ndani ya sufuria. Viatu vya wote, simu, funguo za pikipiki, ukoko uliobaki. Sufuria linaelea vizuri tu, kama dau. Mdogo begani, mwingine nimemshika mkono, mkono wa pili nasukuma sufuria. Wakubwa wanaogelea na madumu yao. Katikati, yule wa mkononi akateleza. Sasa niambie, mtu ana mikono mingapi?

MWANAIDI: Ukaliachia.

HATIBU: Nikaliachia. Likageuka kidogo, kama linaaga, likashika njia yake. Akatokea mzee na mtumbwi, akawachukua watoto wote. Mungu amlipe, hata jina sikumuuliza. Nilimwonyesha sufuria linavyokwenda. Akalitazama, akanitazama mimi, akasema, "Lile lina nahodha wake."

MWANAIDI: (anacheka) Sasa sehemu ambayo hukuisimulia. Saa nane mama akakupigia simu.

HATIBU: Ndiyo.

MWANAIDI: Ikaita!

HATIBU: Iliita mara tatu. Mara ya nne ikawa haipatikani.

MWANAIDI: Simu inaita baharini ndani ya sufuria la mwenye kupiga. Jamani. Tangu Jumatatu napokea ujumbe wa sauti. Mmoja kasema limeonekana soko la samaki la Deep Sea, linauzwa na changu ndani. Mwingine anasema Sahare. Kuna aliyeapa kaliona limeegesha Kisiwa cha Toten.

HATIBU: Toten haliwezi. Upepo ni wa kusi.

MWANAIDI: Haliwezi kwa nini? Toten kwa Kijerumani ni wafu, na sufuria lenyewe ni marehemu.

HATIBU: Si marehemu, limepotea tu. Kifuniko ninacho.

MWANAIDI: Unacho kifuniko?

HATIBU: Nilikuwa nimekikalia.

MWANAIDI: Ya Rabi. Shemeji, wewe umezaliwa Chuda, hapahapa Tanga. Jumapili ilikuwa mwezi ngapi?

HATIBU: Sijui, mwezi ishirini na...

MWANAIDI: Si wa kalenda ya ukutani! Wa mbinguni. Ilikuwa mwezi kumi na tano. Usiku wake hapakuhitajika hata taa. Mwezi kumi na tano ni nini?

HATIBU: Bamvua.

MWANAIDI: Kumbe unajua! Babu yangu alikuwa hatazami saa. Alikuwa anauliza mwezi ngapi, basi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ni ya bamvua. Yanakupwa sana, yanajaa sana. Na pwani yetu hii, siku za bamvua maji makavu ni kama saa nne asubuhi, yanajaa kama saa kumi jioni. Hujawahi kuona bamvua limejaa saa nne. Mwezi saba, mwezi nane, maji mafu, hayakupwi sana wala hayajai sana, hapo inageuka, yanajaa asubuhi. Na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Hesabu hiyo haitaki bando.

HATIBU: Lakini niliondoka saa saba. Kati ya saa nne na saa kumi, saa saba ni nusu tu.

MWANAIDI: Hapo ndipo wengi wanapopotea. Hayapandi sawasawa kama ndoo chini ya bomba. Saa ya kwanza yanasitasita, unaona hayaendi. Saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakuja mbio. Wewe umeamka yakiwa mbioni. Na hayaji kwa mbele, yanazunguka yapite kwenye mkondo, pale pa chini, kati ya fungu na nchi. Fungu ndilo la mwisho kuzama. Ndiyo maana unakaa pale unajiona salama.

HATIBU: Hata Vasco da Gama alinaswa hapahapa.

MWANAIDI: Nilijua utafika huko.

HATIBU: Aprili 1498! Anatoka Msumbiji kwenda Mombasa, merikebu yake moja, São Rafael, ikapanda kwenye mafungu huku kwetu, upande wa Mtangata, Tongoni hiyo ya leo. Alfajiri, maji yakakupwa, merikebu ikabaki kavu kama kitanda. Wakangoja maji yajae, ikaelea, wakaenda zao. Na yeye alikuwa na mabaharia. Mimi nilikuwa na watoto watano na ukoko.

MWANAIDI: Yeye mgeni, shemeji. Na wakati wa kurudi, 1499, wakaichoma moto hukohuko kwenye mafungu kwa sababu mabaharia walikuwa wamebaki wachache. Kwa hiyo mmelingana. Kila mmoja kaacha chombo.

HATIBU: Sawa, cheka. Lakini mimi nataka kusema jambo la maana. Pale pwani hapakuwa na mtu. Hapana kibao, hapana bendera, hapana kijana mwenye filimbi. Ukienda Mapango ya Amboni unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji na tochi, anakwambia hapa inama, hapa usipite. Umesikia nani kapotea?

MWANAIDI: Yule Mzungu na mbwa wake.

HATIBU: Hiyo hadithi.

MWANAIDI: Mzungu kaingia pangoni na mbwa, Mzungu hakuonekana tena, mbwa akaibukia Kilimanjaro. Kila mtoto wa Tanga anaijua. Sufuria la mama litaokotwa Moshi.

HATIBU: Shemeji, nisikilize. Buku. Kila mtu atoe buku akiingia ufukweni. Pesa hiyo imlipe kijana wa filimbi, iondoe chupa zilizovunjika, iweke kibao chenye saa za maji. Buku tu.

MWANAIDI: Hapana.

HATIBU: Hujafikiri hata kidogo.

MWANAIDI: Nimefikiri miaka thelathini. Ulikuwa na watoto watano na wewe wa sita. Elfu sita. Ungekwenda?

HATIBU: Ningekwenda.

MWANAIDI: Muongo. Ungewaambia mkacheze barabarani. Mimi nimekulia Ngamiani. Kiwanda alichofanya kazi baba kilipofungwa, nyumbani hapakuwa na senti ya ziada. Lakini Jumapili mama anatupanga mstari, anabeba sufuria hilohilo, kwa miguu mpaka pwani ya Raskazone. Siku nyingine ndani kuna mihogo tu. Tunaogelea, tunarudi magharibi na chumvi usoni. Hatukujua kwamba sisi ni maskini. Weka mtu wa buku pale mlangoni, siku hiyohiyo tungejua.

HATIBU: Watoto wasio na hela waingie bure.

MWANAIDI: Na nani anawapima? Mtoto ajitangaze mbele ya wenzake kwamba hana? Wewe unapajua mji huu. Leo buku, mwakani elfu tano, mwaka wa tatu kuna uzio na meza za plastiki na muziki wa kupasua masikio. Sheria ya mazingira ya 2004, kifungu cha 57, mita 60 kutoka ufukweni hapatakiwi shughuli za kudumu. Kwa nini waliandika hivyo?

HATIBU: Hiyo inazungumzia shughuli za kudumu na majengo yake. Mimi nimesema filimbi. Filimbi si jengo.

MWANAIDI: Filimbi inataka kibanda.

HATIBU: Basi akae chini ya mwarobaini! Shemeji, wewe unaongea habari za utotoni. Mimi naongea habari za Jumapili. Huyo mdogo alinikaba shingo mpaka leo nina alama. Alikuwa hapigi kelele, anapumua tu sikioni. Kama mzee wa mtumbwi angekuwa kwake analala mchana kama watu wengine, leo tungekuwa na mada gani hapa? Hiyo bure unayoisifia ilikuwa inataka kunigharimu.

MWANAIDI: Iliyotaka kukugharimu ni usingizi.

HATIBU: Hilo umelisema vibaya.

MWANAIDI: (kimya) Nimelisema vibaya. Lakini sijabadilisha. Serikali ya mtaa iweke kibao na mtu wake kwa kodi ambayo tunalipa tayari. Mlangoni pasiwe na mtu.

HATIBU: Tumengoja kibao hicho toka lini? Kisicholipiwa hakina mwenyewe.

MWANAIDI: Kina wenyewe. Sisi.

HATIBU: Sisi ndio tunaoacha chupa.

MWANAIDI: Watakaolipa buku hawataacha? Watasema nimelipa, nasafishiwa.

HATIBU: Haya, tuendelee.

MWANAIDI: Hatujamaliza.

HATIBU: Najua hatujamaliza. Luku ya umeme imebaki uniti moja na nusu, na fundi cherehani wa jirani kaunga kwetu.

MWANAIDI: Dakika ngapi?

HATIBU: Chache. Nisome haraka. Sehemu tano. Ya kwanza, jioni kuzunguka na baiskeli, kuanzia Raskazone, unapita Bombo...

MWANAIDI: Wakazi wote wanajua hilo. Tanga nzima iko juu ya baiskeli.

HATIBU: Ya pili, uwanja wa Mkwakwani. Coastal Union wakicheza nyumbani.

MWANAIDI: Hiyo si kupumzika, hiyo presha. Hao Wagosi wa Kaya wana ubingwa wa ligi wa 1988, na baba yangu alikuwa anausimulia kama wa juzi.

HATIBU: Ya tatu, chemchemi za Galanos, maji ya moto.

MWANAIDI: Yananuka yai bovu. Lakini nenda, ngozi inalainika. Pale sufuria halipotei.

HATIBU: Ya nne ilikuwa Tongoni, magofu ya msikiti na makaburi, nimeshaitaja kwa Vasco.

MWANAIDI: Na ya tano?

HATIBU: Ya tano... nilikuwa nimeandika fungu.

MWANAIDI: (anacheka) Futa.

HATIBU: Nimefuta. Na yale mafunzo?

MWANAIDI: Yaache, hapana muda. Ngoja, simu yangu inaita. Ni mama.

HATIBU: Usipokee.

MWANAIDI: Anataka sufuria. Alhamisi kuna hitima kwa jirani, walishaliomba.

HATIBU: Mwambie nimekwenda Pangani.

MWANAIDI: Mama anasikiliza kipindi, shemeji.

HATIBU: Basi mwambie kifuniko nakileta leo baada ya alasiri. Nimekisugua kwa mchanga, kinang'aa.