Ushuru wa Lamu: Wadachi, Waingereza na Sultani wa Witu

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi Zuhura, niko na kaka Salim, na leo tuko Lamu. Si Lamu ya maulidi na mbio za punda. Ni Lamu ya 1885 hadi 1890, Waingereza na Wajerumani wakivutana nani akae forodhani kupokea ushuru.

SALIM: Hapo hapo forodhani, dada. Mtu akisikia wakoloni waligombea bandari anawaza mizinga. Manowari zilikuwapo, lakini ugomvi wenyewe ulikuwa wa daftari la ushuru.

ZUHURA: Tuanze na ramani, maana kuna msikilizaji yuko Mwanza au Bujumbura hajawahi kufika huko.

SALIM: Kisiwa cha Lamu kimekaa karibu kabisa na bara, na ng'ambo yake kuna Manda. Katikati ya visiwa hivyo pana mkondo uliokingwa na mawimbi ya bahari kuu, kwa hiyo majahazi yanatia nanga mbele ya mji wenyewe. Kaskazini ya Manda kuna ghuba yenye kina kirefu. Sasa ingia bara, kusini-magharibi, utafika Witu. Mji wa msituni. Pembe na nafaka za Witu zikitaka kwenda nje, njia ya maana ni Lamu. Na Lamu ni ya Sultani wa Unguja, ilhali Witu ni ya adui yake.

ZUHURA: Ahmed Simba.

SALIM: Ahmed bin Fumo Luti, Mnabahani, wa ukoo uliotawala kisiwa cha Pate karne na karne. Unguja ilimfukuza visiwani, akahamia bara, na tangu miaka ya 1860 makao yake yakawa Witu. Akawapokea watoro, watumwa waliokimbia mashamba ya pwani. Kila mtoro aliyefika Witu alikuwa hasara kwa tajiri fulani wa Lamu, na kwa Simba alikuwa bunduki moja zaidi.

ZUHURA: Usimfanye mkombozi, lakini. Watu wa Witu nao walivamia vijiji na kuteka watu.

SALIM: Sikumwita mkombozi. Nasema alikuwa mtu wa hesabu. Mwaka 1867 alishapeleka ombi la himaya kwa Prussia, dola kubwa ya Wajerumani wakati huo, kupitia msafiri mmoja, Richard Brenner. Berlin haikushughulika naye. Miaka 18 baadaye wakaja ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt. Tarehe 8 Aprili 1885 akawauzia kipande cha nchi yake, na 27 Mei Ujerumani ikatangaza himaya.

ZUHURA: Ngoja hapo. Maana najua kuna mtu kule anajiandaa kutuandikia ile methali ya tembo wawili na nyasi.

SALIM: Aiweke kwanza. Simba hakuwa nyasi. Tembo mmoja alimwita mwenyewe, kwa kuwa tembo mwingine, Sultani Barghash, alikuwa tayari yuko mlangoni na askari. Kwake bendera ya Mdachi, yaani Mjerumani, ilikuwa ngao dhidi ya Unguja. Hiyo ni siasa ya pwani ya siku zote; watu wa Lamu wenyewe, baada ya vita vya Shela dhidi ya Pate na Mazrui wa Mombasa, si walimwita Sayyid Said wa Oman aje awalinde?

ZUHURA: Na akaja, akakaa.

SALIM: Akakaa! Basi Barghash akapinga himaya ya Witu, akatuma askari. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya kasri yake Unguja. Akanywea. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakakaa wao kwa wao wakagawana. Sultani akaachiwa ukanda wa maili 10 wa pwani, na visiwa, Lamu ikiwemo. Witu ikatambuliwa na ikapewa pwani yake, kuanzia Kipini, kwenye mdomo wa mto Tana, hadi mwisho wa kaskazini wa ghuba ya Manda.

ZUHURA: Kwa hiyo Mjerumani amepata shamba na ukuta wa bahari, ila lango liko mikononi mwa mwingine.

SALIM: Na kila shehena ya kampuni yake ya Witu, Deutsche Witu-Gesellschaft, iliyoanzishwa 1887, itapita kwenye lango hilo ikilipa. Hapo ndipo Lamu inapokuwa lulu. Upande wa pili yuko William Mackinnon, Mskochi tajiri wa meli, na kampuni yake iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888. Yeye tayari alishakodishiwa pwani ya kusini ya Kipini, na Lamu anaitaka pia.

ZUHURA: Naomba nieleze hili la kukodisha, maana ni eneo langu. Watu wanadhani Wazungu ndio waliobuni kumlipa Sultani halafu wakusanye ushuru wenyewe. Hapana. Masultani walikuwa wakikodisha forodha miaka mingi kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Nyumba ya Jairam Sewji ilishika forodha ya Unguja kwa miongo, akaja Tharia Topan. Unalipa kiasi maalumu kwa mwaka, kinachozidi ni chako. Mackinnon aliingia kwenye kiti kilichokuwa na joto la mtu mwingine. Tofauti ni kwamba Jairam hakuwa na manowari nyuma yake, wala hakutaka kutawala watu.

SALIM: Umenena. Basi Wajerumani wakadai kwamba Barghash alishawaahidi Lamu. Waingereza nao wakasema sisi ndio tulioahidiwa. Barghash akafariki Machi 1888, mdogo wake Khalifa akarithi kiti pamoja na ahadi zote mbili.

ZUHURA: Maskini Khalifa.

SALIM: Na Wajerumani hawakukaa wakisubiri. Novemba 1888 walifungua posta yao mjini Lamu. Barua inatoka kisiwa cha Sultani ikiwa na stempu ya Dola ya Ujerumani! Ilidumu hadi Machi 1891 tu, na leo wakusanyaji wa stempu wanazitafuta sana bahasha zenye mhuri ule. Halafu 1889 akatokea Carl Peters, yule Mjerumani aliyekuwa akizunguka bara kutafuta makoloni.

ZUHURA: Huyo tena.

SALIM: Huyo huyo. Pwani ilikuwa imezingirwa na meli za mataifa hayo mawili kwa sababu ya vita vya Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, naye akapenya akashukia kaskazini ya Lamu, akapita Witu, akafuata mto Tana kuelekea Uganda. Sasa Mwingereza akaona wazi: kumbe Witu ni njia ya kumzunguka hadi Ziwa Victoria.

ZUHURA: Na wakati huo kesi iko Ulaya.

SALIM: Brussels. Walikubaliana aamue Mbelgiji, Baron Lambermont. Hebu fikiria, mzee yuko ofisini kwake na rundo la barua, anaamua habari za forodha ya Lamu. Wajerumani wakaleta hoja kuu mbili. Kwanza, ahadi ya Barghash. Pili, kwamba Lamu na Witu kwa biashara ni kitu kimoja, hivyo anayeshika Witu anastahili Lamu. Tarehe 17 Agosti 1889 akatoa uamuzi. Mazungumzo yasiyo na masharti kamili si mkataba, na kuhitaji mahali si kuwa na haki napo. Sultani yuko huru kusaini na Waingereza. Kabla Agosti haijaisha, akasaini.

ZUHURA: Mimi ile hoja ya pili inanichekesha. Iligonga mwamba kwa sheria, lakini bara zima la Afrika si liligawanywa kwa hoja hiyo hiyo? "Nauhitaji mto huu, basi ni wangu."

SALIM: Wakiwa wawili mezani na mwamuzi, inakuwa hoja mbovu. Akiwa mmoja na bunduki, inaitwa himaya. Lakini ushindi ule haukumaliza ugomvi, ukahamia Manda na Pate. Kilichoumaliza ni mkataba wa 1 Julai 1890. Ujerumani ikaachia Witu na madai yake yote ya kaskazini, ikakubali Uingereza ishike Unguja. Yenyewe ikapata, pamoja na mengine, Helgoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika hata kilomita mbili za mraba.

ZUHURA: Na Simba?

SALIM: Alishafariki. Alikuwapo mrithi wake, Fumo Bakari, aliyeamka siku moja akaambiwa mlinzi wako amebadilika. Ngao ilikuwa imeuzwa na mbeba ngao. Septemba 1890 akaja Mjerumani Küntzel na wenzake kuanzisha kazi ya mbao; wakagombana na Fumo Bakari, risasi zikalia, Küntzel na wenzake wengi wakauawa. Mwezi uliofuata Waingereza, sasa wao ndio wenye himaya, wakapeleka jeshi chini ya Admirali Fremantle. Witu ikachomwa moto. Fumo Bakari akakimbia, akafa mapema 1891. Fumo Omari akaendelea kupigana msituni.

ZUHURA: Na kampuni ya Mackinnon, mshindi wetu, ilifaidi?

SALIM: Ilijitoa Witu Julai 1893, fedha zimekauka. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikainunua yote kwa pauni 250,000.

ZUHURA: Sema zilitoka wapi.

SALIM: Pauni 200,000 zilikuwa za Unguja! Ni zile marki milioni nne ambazo Ujerumani ilimlipa Sultani kwa pwani ya Tanganyika. Mjerumani anamlipa Sultani, na fedha ya Sultani inaishia kumlipa Mwingereza ili arudishe pwani aliyokodishiwa na Sultani huyo huyo.

ZUHURA: Na pwani yenyewe haikurudi.

SALIM: Haikurudi, ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza.

ZUHURA: Kipindi kijacho tunapanda kaskazini hadi Kismayu, tuone Mwingereza alivyokuja kuikabidhi kwa Italia mwaka 1925. Asanteni kwa kutusikiliza.