Homa ya Ini: Anayechoma Nyumba Si Nyoka

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za asubuhi. Nikiingia hapa, mzee mmoja kanisimamisha mlangoni: "Daktari, mimi pombe sijaionja, ini langu litaugua na nini?" Naanzia hapo.

Pombe huumiza ini, kweli. Lakini vipo virusi vitano vinavyolilenga, navyo vimepewa herufi tu: A, B, C, D na E. A na E huja na maji au chakula kilichoingiwa na kinyesi. Macho huwa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, kisha wengi hupona. Ila E akimkuta mjamzito, msimkawize nyumbani. D hawezi kitu bila B. Ni kupe anayetaka mgongo wa mwenzake.

Huyu B ndiye aliyenileta. Hupita kwenye damu, kwenye kujamiiana, na kwa mama anapojifungua. Kwenye wembe wenye damu huweza kukaa hai siku 7. Kula sahani moja au kupeana mikono, hapana. Nimeshaona mtu katengewa kikombe kwao. Ule ni uonevu tu.

Sasa sikilizeni. B huingia ndani ya seli za ini akazaana kimya, bila kuzivunja. Wanaozivunja ni askari wetu wenyewe wa kinga, wakimwinda. Kijiji kinachoma nyumba ili nyoka atoke! Choma hivyo miaka 20 au 30: ini linajaa makovu, linasinyaa, na saratani inapata pa kuota.

Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida askari humshinda; wanaobaki naye hawafiki 5 katika 100. Kwa mtoto mchanga ni kama 90 katika 100, maana askari wake humdhania mgeni kuwa mwenyeji. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka chanjo ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Zile za wiki ya 6, 10 na 14 zinafuata.

C hana chanjo, lakini vidonge vya miezi miwili mitatu huponya zaidi ya 95 katika 100. B ni kinyume chake: chanjo ipo, dawa ya kumng'oa kabisa haijapatikana. Kidonge kiitwacho tenofoviri humtuliza tu, na humezwa miaka mingi.

Basi mzee wangu, ini haliumi mapema. Kipimo ni tone la damu ya kidole, na meza ile pale nyuma. Nani ana swali wakati mzee anakunja mkono wa kanzu?