Nani Anapika Wali?

Mhadhara kwa wazazi na walezi wa watoto wa darasa la kwanza na la pili, Mbagala, Dar es Salaam

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa hapo mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, walezi, asanteni kwa kuniita. Wale mliosimama mlangoni ingieni ndani, kuna mabenchi huku kushoto, na mama mwenye mtoto mgongoni apewe kiti.

Nianze na jambo lililonipata darasani miaka mingi iliyopita. Nilimwita mtoto mbele asome sentensi niliyoandika ubaoni: "Mama anapika wali." Alisoma vizuri, kidole kikifuata herufi. Ma-ma a-na-pi-ka wa-li. Wenzake wakampigia makofi, na mimi nikapiga. Alipokuwa anarudi kukaa nikamuuliza, "Haya, nani anapika wali?" Akasimama. Akautazama ubao, akanitazama mimi, akajibu: "Mwalimu."

Yule mtoto hakuwa mzito wa akili. Alifanya kile kile nilichomfundisha, yaani kugeuza alama za chaki kuwa sauti. Sikuwa nimemwonyesha kwamba ndani ya zile sauti kuna mtu, kuna jiko, kuna sufuria. Nilifundisha miaka mingi baada ya siku ile, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kulitafutia dawa jibu lile. Ndilo ninalotaka tuliongee leo, kwa sababu dawa yake haipo shuleni peke yake.

Mnafahamu kwamba mtaala wa mwaka 2015 ulipunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili, ukaelekeza asilimia 80 ya muda kwenye KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umezibakiza KKK mbele, ukarudisha Kiingereza tangu darasa la kwanza, ukaweka na mambo ya afya, mazingira, sanaa na michezo. Sitapita kwenye kila kipengele, muhtasari wa somo mwalimu wa darasa anao, mkaribie awaonyeshe. Mimi nataka tuingie ndani ya kichwa cha mtoto.

Lugha yetu ina baraka moja kubwa. Irabu ni tano tu, a e i o u, na kila moja ina sauti ile ile popote utakapoikuta. Mtoto akishajua ba be bi bo bu, hakuna neno litakaloamka asubuhi na kumgeuzia sauti hizo. Ndiyo maana mtoto anayefundishwa kwa utulivu anaweza kuanza kusoma maneno madogo ndani ya miezi michache.

Tena silabi amekuja nazo kutoka nyumbani. Mmewahi kuwasikia watoto wakiongea kinyume? Kitabu wanasema "bukita", nyumba wanasema "mbanyu". Mkiwasikia mnawaambia waache upuuzi. Wazazi wangu, mtoto anayeweza kuchukua silabi ya mwisho akaihamishia mwanzoni, haraka, bila karatasi, ameshalikata neno vipande kichwani mwake. Mwalimu anachomwongezea ni alama ya kila kipande. Mwacheni acheze.

Ugumu unakuja baadaye kidogo. Kuna mwambatano, yaani herufi zilizoshikana: mba, nda, nga, shwa, ng'. Mtoto anayetamka vizuri "ng'ombe" na "ngoma" anashangaa kuona zote zinaanza na n na g, na kijialama kidogo juu ndicho kinachozitofautisha. Halafu muulize "mbuzi" ana silabi ngapi. Mbili, mbu-zi. Na "mbu" yule wa malaria? Mbili vilevile, m-bu. Herufi zile zile, lakini huku m imeshikana na b, kule imesimama peke yake kama kwenye "mtu". Mtoto hawezi kulijua hili kwa macho. Analijua kwa sikio, kwa sababu amelisikia neno mara elfu. Asiyelisikia nyumbani atalisoma na halitamwambia kitu.

Halafu kuna urefu. Chukueni neno "hatutawapikia". Ni neno moja, lakini ndani yake mna sentensi nzima: ha ya kukanusha, tu ni sisi, ta ni baadaye, wa ni wao, pik ni tendo, i inasema ni kwa ajili yao. Silabi saba. Mtoto wa miaka minne pale Zakhem anaweza kukutamkia neno hilo akiwa anakimbia. Lakini akikutana nalo kitabuni, anaanza ha... tu... ta... wa..., na akifika pi ile ha imeshamtoka kichwani. Ameanza na "hatuta" na amemaliza na "pikia", hajui tena kama watapikiwa au hawatapikiwa. Ndivyo "Mama anapika wali" alivyogeuka kuwa "Mwalimu". Mtoto anaposoma polepole mno, nguvu zake zote zinaishia kwenye kutamka, maana inabaki njiani.

Hapo dawa ni kurudia. Kusoma hadithi ile ile leo, kesho na keshokutwa. Wazazi wengi wananiambia, "Mwalimu, hicho kitabu amekikariri." Vizuri! Siku ya kwanza alikuwa anasukuma silabi, siku ya nne anaona neno zima kwa mara moja, na kichwa kimepata nafasi ya kumfikiria aliyemo ndani ya hadithi. Siku hiyo ndiyo ya kumuuliza. Nani amefanya? Kwa nini? Wewe ungefanyaje? Asipoweza kujibu, asisome ukurasa mwingine. Arudi kwenye ule ule.

Niseme kitu kuhusu b na d, kwa sababu naona kuna baba anatikisa kichwa. Mtoto wake anaandika "dada" inakuwa "baba". Nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi ya ualimu niliwachapa watoto kwa kosa hili, na ninawaombeni radhi wote niliowachapa, popote walipo. Fikirini: tangu kuzaliwa mtoto amejifunza kwamba kikombe ni kikombe, mkono wake ukiangalia kulia au kushoto. Jembe likigeuzwa ni jembe. Herufi ndiyo kitu cha kwanza maishani mwake kinachobadilika jina kikigeuzwa upande. Tena huyu mtoto wetu jioni anakwenda madrasa anasoma kutoka kulia kwenda kushoto, na asubuhi anasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Anazimudu njia zote mbili, ila apewe muda. Mshike kidole, achore b hewani, achore mchangani, kubwa, mara kumi. Kiboko hakimwonyeshi mtoto upande.

Kuandika sina mengi ya kuongeza. Kuumba herufi ni kazi ya vidole, na vidole vinakomazwa na kuchambua mchele, kufinyanga udongo, kufunga vifungo vyake mwenyewe. Mama anayemfunga vifungo mtoto wa miaka saba kila asubuhi kwa sababu anachelewa, anamnyang'anya mazoezi. Na kwenye imla, mtoto huandika anavyosikia. Nyumbani mkisema "samani" mkiwa na maana ya thamani, ataandika samani, na mwalimu ataona meza na makabati. Mkichanganya mahali na mahari, naye atachanganya. Msimcheke. Litamkeni neno vizuri, na yeye alirudie.

Sasa hesabu. Hapa ndipo huwa naona wazazi wengi wanaogopa, na hapa ndipo nyie mna mali nyingi kuliko shule.

Sikilizeni namba zetu. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Lugha yenyewe inamwambia mtoto kwamba kuna fungu la kumi na vingine vimebaki pembeni. Ni zawadi. Lakini akivuka kumi na tisa anakuta ishirini, ambayo haina mbili ndani yake. Thelathini haina tatu. Arobaini haina nne, hamsini haina tano. Majina haya tumeyapata kwa Waarabu, na sikio la mtoto halipati msaada wowote. Ikifika sitini anapumua, maana sita anaisikia, na sabini anaisikia saba. Kwa hiyo mtoto akikwama kati ya ishirini na hamsini, msiseme hesabu hakujaliwa. Amekwama kwenye majina. Mpeni vizibo vya soda, afunge makumi kwenye mifuko, aseme: makumi matatu, jina lake thelathini. Makumi manne, jina lake arobaini. Wiki mbili za vizibo zinatosha kuvuka.

Na saa! Saa ya ukutani inaonyesha 7, sisi tunasema saa moja asubuhi. Mtoto wa darasa la pili anajifunza kusoma mshale mfupi, halafu anaambiwa asiseme anachokiona. Hakuna ubaya, ni hesabu yetu ya kuanzia macheo, ila mweleze kwa nini. Mtoe nje alfajiri, mwambie siku yetu inaanza jua linapotoka, na saa moja ni saa ya kwanza baada ya hapo. Akielewa sababu hatachanganyikiwa tena.

Kuzidisha mnakuogopa bure. Nendeni gengeni. Nyanya zimepangwa mafungu, kila fungu nyanya nne. Ukichukua mafungu matatu, unabeba nyanya ngapi? Mtoto atazihesabu moja moja mara ya kwanza. Mara ya pili atahesabu nne, nane, kumi na mbili. Hapo ameshazidisha, na jedwali la nne likija darasani atalikuta ni nyanya anazozijua. Mtume dukani kwa Mangi na shilingi 1,000 anunue kitu cha 700, lakini kabla hajatoka mlangoni mwulize atarudi na chenji ngapi. Mwacheni acheze mdako: anarusha kokoto juu, anazoa kutoka shimoni, anarudisha, anabakiza moja. Ni kujumlisha na kutoa kwa mkono, kwa jicho na kwa kasi ambayo hakuna daftari litakalompa.

Mnaniuliza, mwalimu, hayo yote si kazi ya shule? Nitawajibu kwa ukweli. Elimumsingi bila ada ilipoanza Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, nilipokea watoto zaidi ya 150 katika mkondo mmoja, huku huku Mbagala. Nilifurahi mpaka machozi, kwa sababu wengine walikuwa na miaka tisa na hawajawahi kushika kalamu, na sasa walikuwa wamekaa mbele yangu. Lakini pigeni hesabu. Nikimsikiliza kila mtoto akisoma dakika moja tu, ni dakika 150, saa mbili na nusu, na hapo sijafundisha kitu. Mtoto wako akisoma na darasa zima kwa pamoja, atafungua mdomo pamoja na wenzake hata kama haoni ubao. Kumsikiliza mtoto mmoja, peke yake, ni kitu ambacho darasa kama lile halina. Nyumba inacho.

Naona mkono wa bibi pale nyuma, na nadhani najua swali lake, kwa sababu kila mahali ninapokwenda linaulizwa. Mimi sijui kusoma, nitamsaidiaje?

Bibi yangu, nikujibu kwa mama mmoja mzee niliyemfahamu, mwuza vitumbua. Umri wake wa shule ulipita kabla Azimio la Musoma la mwaka 1974 halijataka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Alikuwa analea mjukuu, yule yule wa wali, aliyenisumbua mwaka mzima kwenye kusoma. Siku moja umeme ukakatika, amenunua umeme wa LUKU, na namba zimeingia kwenye simu, tarakimu 20. Hakuna mtu mzima mwingine nyumbani. Akampa mjukuu simu, yeye akasimama kwenye mita. Yule mtoto akawa anamtajia nne, anasubiri bibi abonyeze, anamtajia nne nyingine, mpaka taa ikawaka. Kuanzia siku ile kila kilichoandikwa kikawa kinakuja kwa mtoto: ujumbe wa simu kutoka kwa shangazi, maelezo ya dawa, ubao wa daladala kama unasema Kariakoo au Gongo la Mboto. Na kila akisoma bibi anauliza, "Anasemaje? Anakuja lini? Amekuja na nani?"

Mimi nilipomuuliza yule mtoto nani anapika wali, alijua kwamba jibu ninalo. Nilikuwa nampima. Bibi yake alipouliza shangazi anakuja lini, hakuwa analijua jibu, na chumba kilikuwa kinasubiri kufagiliwa. Mtoto hawezi kutamka tu mbele ya mtu wa namna hiyo. Lazima asome mpaka aelewe, na asipoelewa anarudi mwanzo wa ujumbe mwenyewe, bila kuambiwa.

Kwa hiyo, bibi, leo usiku mpe kitabu. Kaa naye karibu na taa. Akimaliza ukurasa mwulize kimesema nini, kwa sababu kweli unataka kujua.