Siku moja Mesa Verde, na mifupa iliyorudi nyumbani

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Nianze na aibu yangu: mimi ngazi naogopa, nyumbani balbu ikiungua namwita mtu. Sasa nimefika Mesa Verde, hifadhi ya taifa kule Colorado, Marekani, nimeshakata tiketi ya Balcony House, mji mmoja wa kale uliojengwa kwenye jabali, bila kusoma vizuri, naambiwa kuna ngazi ya mbao karibu mita 10 imeegemezwa kwenye jabali, na wakati wa kutoka unatambaa kwa magoti kwenye kijia chenye upana wa sentimita 45 hivi. Nikapanda hivyo hivyo, macho kwenye soli za mzee aliyenitangulia. Kumbe wenye mji wao walipanda kwa vishimo vya kuingiza vidole walivyochonga kwenye mwamba!

Nyumba zenyewe zimo ndani ya mapango, mawe yamechongwa kama tofali na kukandikwa udongo, nyingi zilijengwa kati ya miaka ya 1190 na 1270 na kitu. Mwaka unajulikana kwa boriti, maana mti unaongeza duara moja kila mwaka, mwaka wa ukame jembamba, wa mvua nene, wataalamu wanalinganisha mpaka wanajua mti ulikatwa lini. Cliff Palace, ile kubwa kuliko zote, ina vyumba kama 150 na kiva zaidi ya 20, yaani vyumba vya duara vya chini kwa ajili ya ibada na vikao.

Chakula chao? Mahindi, maharage, maboga. Nikacheka mwenyewe. Makande tunayoyaita chakula cha asili ya kwetu, mbegu zake zimetoka bara lile! Hata jiwe la kusagia, lile lililolika katikati, ni la bibi yangu kabisa.

Sasa kilichonileta hapa ni neno moja linalosemwa juu ya wenye mji hawa, "walitoweka". Watu wanalisema kwa sauti ya chini kama wanasimulia majini. Hawakutoweka, walihama. Kuanzia 1276 ukame ulipiga zaidi ya miaka 20, udongo umechoka, kuni za shida, ugomvi nao upo, ikifika kama 1300 wameshaelekea kusini. Wajukuu wao ndio Wahopi, Wazuni na watu wa vijiji vya Pueblo kule New Mexico, wapo mpaka leo na simu zao mkononi kama sisi.

Halafu eti mji "uligunduliwa" 1888, na wachunga ng'ombe wawili, Richard Wetherill na Charlie Mason, wakati Waute, wenyeji wa asili wenye ardhi, wanaujua siku zote. Mwaka 1891 akaja mtafiti Gustaf Nordenskiöld kutoka Sweden, akachimba, akasafirisha vitu mpaka na mifupa ya watu, vikaishia makumbusho ya Finland. Mifupa imerudishwa 2020 ikazikwa upya palepale Mesa Verde. Sasa niambieni, kama watu walitoweka, waliokuja kuzika ni akina nani?

Kuna ukuta mmoja, udongo wake bado una alama za vidole vya aliyekandika, unaona kabisa hapa alibonyeza, hapa alitelezesha. Nikanyoosha kidole nipime, askari wa hifadhi akakohoa, nikarudisha mkono mfukoni.

Haya, mwenye swali?